Wenye Meli Wana Chama; Bandari Je?

Meli kubwa ya kitalii ifikapo Kilindini, ngoma hulia. Wachezaji hujipanga gatini wakiwa wamejifunga hando, waheshimiwa husubiri zamu zao za kuhutubu, magari ya kuelekea Tsavo na Fort Jesus huwashwa injini mapema, na magazeti ya siku ya pili hutaja idadi ya watalii walioteremka. Furaha hiyo ina haki yake, kwani mgeni ni baraka na mji wa bandari huishi kwa wageni. Hata hivyo, katika shamrashamra hizo ni nadra kuulizwa swali moja muhimu: ratiba iliyoileta meli hiyo Mombasa iliamuliwa na nani, ada ya kila abiria ilipangwa na nani, na katika kikao hicho Mombasa ilikuwa na kiti? Aonekanaye na umma ni nahodha katika sare yake nyeupe. Nyuma ya nahodha kuna kampuni, na nyuma ya kampuni kuna chama.

Neno chama lina maana pana katika Kiswahili cha Kenya. Kuna chama cha siasa, chama cha ushirika, chama cha akina mama wanaochangiana kila mwisho wa mwezi, na chama cha wanafunzi wa Kiswahili. Vyama hivi vyote huwakutanisha watu wanaopendana, au angalau wanaojidai kupendana. Chama cha wafanyabiashara ni jambo jingine, kwa kuwa huwakutanisha mahasimu. Kampuni zinazonyang'anyana abiria mmoja sokoni huketi meza moja chamani na kuafikiana juu ya yale ambayo hakuna hata moja kati yake ingeyamudu peke yake: kulipanua soko lenyewe, kuizuia sheria itakayoziuma zote, na kusema kwa sauti moja mbele ya serikali na mbele ya bandari.

Katika biashara ya meli za kitalii, chama hicho ni Cruise Lines International Association, yaani CLIA. Kiliundwa mwaka wa 1975 nchini Marekani, wakati ambapo biashara ya kuvusha abiria baharini ilikuwa imekwisha kupigwa na ndege. Tangu ndege za jeti zianze kuwavusha watu Atlantiki mwaka wa 1958, msafiri mwenye haraka hakuwa na sababu ya kukaa siku tano majini, na meli zilizokuwa fahari ya mataifa zikaishia kuuzwa kama vyuma chakavu au kutafutiwa kazi nyingine. Kazi hiyo nyingine ikawa likizo: abiria alipe si ili afike mahali, bali ili awe melini. Jukumu la kwanza la chama lilikuwa kuwafundisha mawakala wa usafiri namna ya kuiuza likizo ya aina hiyo, nao mawakala waliozoea kuuza tiketi za ndege na vyumba vya hoteli walihitaji kufundishwa hasa. Kwamba kazi hiyo ilifaulu si jambo la kubishaniwa. Kwa hesabu za chama chenyewe, abiria wa meli hizo duniani walifika milioni 34.6 mwaka wa 2024.

Lakini kuuza ni sehemu moja tu. Mwaka wa 1990 kulizaliwa baraza jingine, International Council of Cruise Lines, lililoshughulikia sera na sheria, na mwaka wa 2006 baraza hilo likaunganishwa na CLIA. Kuanzia hapo chama kikawa na vinywa viwili katika kichwa kimoja: kimoja cha kumwambia mteja kwamba bahari ni shwari, kingine cha kuiambia serikali kwamba sheria mpya haihitajiki. Kinywa cha tatu, kinachozungumza na bandari za Karibiani na Amerika ya Kilatini, kilikuwapo tangu 1972 kwa jina la Florida-Caribbean Cruise Association. Hicho cha tatu ndicho kinachopaswa kuzikera na kuzifunza bandari za Afrika Mashariki, ingawa hakijawahi kuzungumza nazo.

Kabla ya kufika huko, haki inadai chama kipewe sifa zake. Usiku wa tarehe 13 Januari 2012, meli ya Costa Concordia iligonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio nchini Italia. Ilikuwa imebeba watu zaidi ya 4,200, na 32 kati yao waliaga dunia. Abiria wapatao 700 walikuwa wamepanda saa chache tu awali katika bandari ya Civitavecchia, na walikuwa hawajaonyeshwa mahali pa kukusanyika wala mashua za kuokolea. Hapo sheria haikuwa imevunjwa, kwani kanuni za kimataifa za wakati huo ziliruhusu zoezi hilo lifanywe katika muda wa saa 24 baada ya abiria kupanda. Kabla mwezi haujatimia, wanachama wa CLIA walijiwekea sharti kwamba zoezi lifanywe kabla ya meli kung'oa nanga. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Baharini lilifuata kwa kuubadilisha mkataba wa usalama baharini, SOLAS, na mabadiliko hayo yakaanza kutumika tarehe 1 Januari 2015. Kwa takriban miaka mitatu, basi, kilichowalinda abiria wapya kilikuwa ahadi ya chama. Anayedharau vyama vya wafanyabiashara ajiulize kama angependa kusafiri katika miaka hiyo mitatu bila ahadi hiyo.

Sifa hizo zikishatolewa, yafaa itazamwe ni nini hukifanya chama kuharakisha hivyo. Mwezi wa Februari 2013 moto ulizuka katika chumba cha mitambo cha Carnival Triumph, na meli hiyo ikaelea katika Ghuba ya Meksiko bila nguvu za kuiendesha, vyoo vikiwa havifanyi kazi, ikiwa na watu zaidi ya 4,000, hadi ilipovutwa na kufikishwa Mobile, Alabama. Mwezi uliofuata Seneta Charles Schumer wa New York akataka kuwe na tamko la haki za abiria. Kufikia Mei, CLIA ilikuwa imeliandika tamko lenyewe, lenye vipengele kumi: haki ya kushuka ikiwa meli imo bandarini na mahitaji ya lazima hayapatikani, haki ya kurejeshewa nauli safari ikifutwa kwa hitilafu ya mitambo, haki ya kupewa habari kwa wakati, na kadhalika. Ni maneno mazuri. Lakini aliyeyaandika ndiye atakayeshtakiwa kwayo, na aliyeyaandika haraka aliyaandika kabla seneta hajamwandikia.

Wakenya hawana haja ya kwenda Alabama ili kuielewa hali hii. Wanaokumbuka Februari 2004, kanuni za Waziri John Michuki zilipoanza kutekelezwa, wanakumbuka abiria walivyotembea kwa miguu huku matatu nyingi zikiwa zimeegeshwa. Mikanda ya usalama na vidhibiti mwendo vilifungwa baadaye, wala havikufungwa kwa sababu wenye magari walikutana chamani wakaona huruma. Tofauti ya wenye matatu na wenye meli ni ustadi tu. Wenye matatu walingoja sheria ifike, kisha wakaipinga barabarani. Wenye meli huiona sheria ikiwa bado mbali, wakaipokea njiani wakiwa na rasimu yao mkononi.

Tena, tamko lile la 2013 lilimhusu abiria, mwenye kulipa. Baharia hakutajwa ila kwa kuwa abiria alikuwa na haki ya kuhudumiwa na mabaharia waliofunzwa. Haki za baharia mwenyewe, yaani saa zake za kupumzika, mshahara wake na kurudishwa kwao kazi ikiisha, zilipata nguvu mwaka uo huo wa 2013, mwezi wa Agosti, ulipoanza kutumika Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa 2006. Mkataba huo ulipitishwa katika Shirika la Kazi Duniani, ambako serikali, waajiri na wafanyakazi huketi pamoja. Jambo hili si dogo kwa Kenya, ambayo tangu mwishoni mwa miaka ya 2010 imekuwa ikiwapeleka vijana wake kufanya kazi katika meli za kitalii kama wahudumu, wapishi na wasafishaji. Ugonjwa wa Korona ulipoenea, CLIA ilitangaza tarehe 13 Machi 2020 kusitisha safari kutoka bandari za Marekani, siku moja kabla ya amri ya serikali. Uamuzi ulikuwa wa busara, na abiria walirudi makwao. Makumi ya maelfu ya mabaharia walibaki melini kwa majuma na hata miezi, huku kampuni na wakuu wa afya wa Marekani wakivutana kuhusu masharti na gharama za kuwashusha. Wakati huo ndipo ilipodhihirika kwamba chama cha wenye meli ni chama cha wenye meli. Hakikuwahi kudai kuwa kitu kingine, na kukilaumu kwa hilo ni kumlaumu mbuzi kwa kula majani.

Basi lawama ziachwe, na jicho litupwe Juneau, mji mkuu wa jimbo la Alaska. Mji huu una wakazi wapatao 32,000, na hakuna barabara inayouunganisha na miji mingine. Aingiaye huingia kwa meli au kwa ndege. Mwaka wa 2023 ulipokea abiria wa meli za kitalii zaidi ya milioni 1.6, wote katika miezi michache isiyo ya baridi kali. Mwaka wa 1999 wapigakura wa Juneau waliidhinisha ada ya dola 5 kwa kila abiria, na baadaye ikaongezwa ada nyingine ya dola 3 kwa ajili ya bandari. Fedha hizo zilijenga mambo mengi, mojawapo likiwa njia ya kutembelea kando ya maji katika bustani yenye sanamu kubwa ya nyangumi anayeruka. Mwaka wa 2016 CLIA iliushtaki mji. Hoja yake ilitoka katika katiba ya Marekani, inayozikataza serikali za majimbo kutoza meli ushuru wa kuingia bandarini bila idhini ya bunge la taifa. Meli haikufika pale kwa ajili ya sanamu ya nyangumi, kilisema chama; kwa nini ilipie?

Mwezi wa Desemba 2018 jaji aliamua kwamba mji una haki ya kutoza ada, ila fedha zitumike kwa huduma zinazozinufaisha meli zenyewe. Kila upande ukapata cha kushangilia na cha kununia. Mwaka wa 2019 wakasuluhishana: ada ibaki, na kila mwaka mji ukutane na chama kuzungumzia miradi itakayogharimiwa. Msomaji asilipite jambo hili haraka. Mji uliochaguliwa na watu wake ulikubali kukaa kila mwaka na chama cha wafanyabiashara kujadili matumizi ya fedha unazotoza. Wengine wataona huo ni unyonge. Lakini meza iliyowekwa kwa ajili ya fedha ilipata matumizi mengine. Wakazi walipochoshwa na msongamano, mji ulikuwa umekwisha kuwajua wa kuzungumza nao, nao walikuwa na uwezo wa kuzifunga kampuni zote kwa neno moja. Mwaka wa 2023 pande mbili zilikubaliana kwamba kuanzia 2024 zisizidi meli kubwa tano kwa siku. Mwaka wa 2024 zikakubaliana tena: kuanzia 2026, meli zote za siku moja zisizidi jumla ya vitanda 16,000, na siku ya Jumamosi visizidi 12,000. Mwezi wa Oktoba 2024 wapigakura walilikataa pendekezo la kuzipiga marufuku meli kubwa siku za Jumamosi. Walichagua mkataba.

Funzo la Juneau halimo katika ada wala katika vitanda. Mji mmoja mdogo ungekuwa ukipambana na kila kampuni peke yake, kampuni ya kwanza ingekubali kupunguza meli, ya pili ingejaza nafasi hiyo asubuhi yake. Chama kilikuwa hasimu wa Juneau mahakamani, na hichohicho ndicho kilichowezesha kuwe na mapatano yanayoshika. Penye hasimu mmoja mwenye mamlaka, mapatano huwezekana. Penye mahasimu kumi wasio na msemaji, hubaki ugomvi.

Upande wa kusini mambo yalikuwa na sura nyingine. Mwezi wa Desemba 2024 bunge la Meksiko liliidhinisha ada ya dola 42 kwa kila abiria wa meli ya kitalii, ambaye hapo awali alisamehewa kwa kuwa halali nchini. Chama cha Florida na Karibiani kilipinga, kikionya kwamba meli zitabadilisha njia. Ada ikaahirishwa, mazungumzo yakafanyika, na kuanzia tarehe 1 Julai 2025 ikatozwa dola 5, itakayopanda hatua kwa hatua hadi dola 21 mwaka wa 2028. Dola 42 zilizopitishwa na bunge la taifa kubwa zikawa tano. Ikiwa Meksiko ilishuka hivyo, visiwa vidogo vya Karibiani vitasema nini? Katika miaka ya 1990 serikali za visiwa hivyo zilijaribu kuafikiana juu ya kiwango kimoja cha chini kwa kila abiria. Maafikiano hayakushika, kwa sababu kila kisiwa kilijua kwamba jirani yake yu tayari kuipokea meli kwa bei nafuu. Inafurahisha kidogo, na kusikitisha kidogo, kwamba ada ya aina hii wengi huiita kodi ya kichwa. Mababu wa Wakenya waliitozwa kodi ya jina hilo na serikali ya kikoloni, na hawakuwa na chama cha kuwapunguzia hadi senti tano.

Sasa Mombasa. Mnamo tarehe 5 Novemba 2005, meli ya Seabourn Spirit iliyokuwa safarini kuja Mombasa ilishambuliwa na maharamia katika pwani ya Somalia. Iliponyoka, ikaelekea Ushelisheli, na Mombasa ikaendelea kusubiri. Katika miaka iliyofuata meli za kitalii ziliadimika katika maji haya. Vyama vya wenye meli za mizigo na mafuta vilichora katika ramani eneo la Bahari ya Hindi lililohesabiwa kuwa la hatari kubwa. Mwezi wa Desemba 2015 vikalipunguza, na tarehe 1 Januari 2023 vikalifuta kabisa. Havikuwa vyama vya meli za kitalii, lakini mstari wao ulisomwa na kila nahodha na kila mwenye bima. Bandari zilizomo ndani ya mstari ule hazikuwa wanachama wa vyama vilivyouchora. Huo ndio ukweli unaofunikwa na mlio wa ngoma: bahati ya Kilindini imekuwa ikiandikwa katika vikao ambavyo Kilindini haihudhurii.

Wapo watakaosema kwamba Mombasa haina meli za kutosha kuanza kudai masharti. Ije kwanza neema, masharti yatafuata. Hoja hiyo ina uzito, maana mwenye njaa hachagui sahani. Lakini tajriba ya Juneau inaonyesha jinsi ilivyo vigumu kupunguza kilichokwisha kuzoeleka. Aidha, kuna jambo la jiografia ambalo hoja hiyo hulisahau. Katika Karibiani visiwa vimekaribiana, na meli ikinuna na kimoja yaweza kulala kingine usiku uo huo. Magharibi ya Bahari ya Hindi bandari ni chache na ziko mbalimbali: Mombasa, Zanzibar, Nosy Be, Victoria, Port Louis, Durban. Meli haiji Mombasa tu. Huja mzunguko mzima, na mzunguko ukikatika katikati safari haiuziki. Maana yake ni kwamba bandari hizi zikisimama pamoja zina nguvu ambayo visiwa vya Karibiani havikuwa nayo. Ni kweli pia kwamba meli zaweza kuliacha eneo zima, kama zilivyofanya wakati wa maharamia, kwa hiyo nguvu hiyo si ya kuchezewa.

Chombo cha kuanzia kipo. Cruise Indian Ocean Association imekuwa ikizikutanisha bandari na wadau wa utalii wa eneo hili, na visiwa vya Bahari ya Hindi vilijiunga mwaka wa 2010 katika umoja wa Visiwa vya Vanila. Juhudi hizi kwa kiasi kikubwa zimekuwa za kunadi: kuhudhuria maonyesho ya biashara ng'ambo, kuchapisha picha za fukwe, kuzikaribisha kampuni. Hicho ni kinywa cha kwanza tu, kile kilichoundwa na wenye meli mwaka wa 1975. Kinywa cha pili na cha tatu bado havijafunguliwa. Hakuna kinachozizuia Mombasa, Zanzibar na jirani zake kuketi na kuandika ukurasa mmoja: kiwango cha chini cha ada kwa kila abiria ambacho hakuna bandari itakayokiuka kwa siri, mahali takataka za meli zitakaposhushwa na kwa gharama ya nani, idadi ya abiria ambayo mitaa myembamba ya Mji Mkongwe yaweza kuibeba kwa siku moja, na fungu la safari za nchi kavu litakaloachiwa madereva na waongozaji wa mji badala ya kuuzwa lote melini.

Ukurasa huo ukishatiwa saini, upelekwe kwa chama cha wenye meli na si kwa kampuni mojamoja. Chama kitabisha, kwa kuwa hiyo ni kazi yake na hulipwa kuifanya. Juneau ilishtakiwa mwaka wa 2016, ikapata mkataba wake wa kwanza wa idadi ya meli miaka saba baadaye.